Tumehamia Njombe kutoka Tanga, baridi inatushinda. Naombeni ushauri

MamaWatatu

Habari zenu ndugu zangu. Huwa nasoma tu na kupita, leo nimeona niandike maana nimefika mwisho wa akili yangu.

Mume wangu alipata uhamisho wa kikazi, mwishoni mwa Mei tukafunga mizigo Tanga mjini kuja Njombe. Mimi nimezaliwa Tanga na nimeolewa Tanga, maisha yangu yote nimelala na feni. Basi lilipomaliza kupanda Kitonga watoto wakaanza kujikunyata. Makambako tulifika saa mbili usiku, nikashuka na kanga zangu mbili na ndala. Mama mmoja muuza chai akaniangalia miguu, akasema, "Mama, tafuta soksi kabla hujatafuta chakula."

Sasa tuna wiki ya tano. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu mafua hayamtoki, mashavu na midomo imepasuka hadi inatoa damu. Mama mkwe tunaishi naye, magoti yanamsumbua, kuoga hataki, kila siku anasema arudishwe kwake Tanga. Nguo nikianika asubuhi, jioni bado mbichi. Nyumba tuliyopanga haina dari, alfajiri bati linadondosha matone kitandani. Na mimi riziki yangu ilikuwa vitumbua. Nikiloweka unga usiku, asubuhi nakuta umelala vilevile nilivyouacha.

Usiku tunawasha jiko la mkaa nje, moshi ukiisha tunaliingiza chumba cha bibi na watoto, tunafunga madirisha. Inasaidia kidogo. Ila juzi mwanangu mkubwa aliamka kichwa kinamuuma sana akatapika, nikajua ni baridi.

Naomba kujua, nimrudishe mama na huyu mdogo Tanga mpaka baridi ipite? Na inaisha lini?

Mwanakibena

Kamwene dada, karibu kwetu. Hayo mengine yote yana dawa, nitarudi kuyasema. Lakini hilo jiko litoe chumbani leo hii, kabla hujasoma majibu ya wengine. Huku kwetu tumezika watu kwa sababu ya jiko. Mtaa niliokulia walilala mtu na mkewe, asubuhi hawakuamka.

NesiWaNyanda

Dada, Mwanakibena amesema kweli na naomba unielewe vizuri. Mtoto kuamka na kichwa na kutapika baada ya kulala na jiko hiyo si baridi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, mwisho haamki. Watu wengi wanadhani moshi ukiisha na mkaa ukiwa mwekundu basi hatari imekwisha. Hapana. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoendelea kuitoa kimyakimya. Huyo mkubwa mpeleke kituo cha afya, waeleze kuhusu jiko, usiwaambie mafua tu. Na wengine waliolala chumba hicho, ukiona yeyote analalamika kichwa au amelegea, naye nenda naye.

La pili ambalo sijaona mtu akilisema. Mmetoka Tanga juzi tu, na Tanga kuna malaria. Vimelea vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa ndipo homa ianze. Kwa hiyo huyo mdogo akichemka usiseme "ni baridi ya huku", apimwe malaria kwanza. Vyandarua msivigawe pia, mtavihitaji mkienda likizo pwani. Mtoto akikaa miaka huku kinga yake ya malaria hupungua, akirudi Tanga anaweza kuumwa vibaya kuliko binamu zake wa huko.

Mashavu na midomo: mafuta ya mgando, mpake mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Asubuhi kabla ya shule na usiku kabla ya kulala. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, ya moto sana yanaikausha ngozi zaidi. Na anywe maji, hata kama haoni kiu.

Pwani_Bara

Samahani kuingilia uzi. Nesi, mwanangu ana siko seli na sisi tunatarajia kuhamia Mafinga Agosti. Kuna shida?

NesiWaNyanda

Pwani_Bara, baridi inaweza kuamsha yale maumivu, mishipa ikibana damu inapita kwa shida. Si kwamba hamuwezi kuhama. Akiwa na soksi, glavu na mzula muda wote wa baridi, asiloe mvua, asioge maji baridi, anywe maji ya kutosha na asiache dawa zake. Kabla ya kuondoka chukueni barua ya kliniki anayohudhuria ili huko mpokelewe bila kuanza upya.

BiMkubwa_Makambako

Mwanangu MamaWatatu, mimi ni wa Pangani, nina miaka 22 huku. Mwaka wa kwanza nililia kila jioni, kwa hiyo ninajua unachosema.

Nianze na vitumbua maana hapo ndipo moyo wako ulipo, nimeona. Hamira inapenda joto. Pwani unaacha bakuli mezani na linaumuka lenyewe, huku mezani ni kama umeliweka kwenye friji. Tumia maji ya uvuguvugu kukoroga, kisha weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto kiasi cha kuweza kutia mkono, funika, lizungushie blanketi zito. Ukiamka usiku badilisha maji mara moja. Wengine wanaliweka jikoni karibu na mafiga yaliyozimwa. Mimi huloweka mapema zaidi, saa kumi jioni badala ya saa mbili usiku. Na wateja utapata, watu wa huku asubuhi wanataka kitu cha moto na chai ya tangawizi. Nazi tu ndiyo utaililia bei.

Usishtuke pia mafuta ya nazi yakiganda kwenye chupa kama kimbo. Hayajaharibika. Yanaganda kukiwa chini ya nyuzi 24 hivi, yaweke juani au ndani ya maji ya moto. Maharage nayo loweka usiku mzima. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, yanafika kama 93 tu, ndiyo maana maharage yanakaa motoni hadi unakata tamaa.

Mama mkwe asioge asubuhi wala jioni. Aoge saa saba au nane mchana, jua likiwa limesimama, kisha akae nje ukutani upande wa jua akiwa na blanketi. Usiku mpe soksi mbili na mzula. Pwani tunadhani kofia ni ya kutoka nje, huku tunalala nayo. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa ndani ya soksi unaiweka miguuni mwake, ila hakikisha kifuniko kimekaza, na asiigandamize kwenye ngozi moja kwa moja. Mtoto mdogo usimwekee.

Mwanangu, na mama mkwe unaongea naye? Mwenzio amewaacha majirani, ameacha baraza. Mimi kilichoniumiza zaidi ni kukaa ndani peke yangu, baridi ilikuja baadaye.

FundiPaa

Kuhusu nyumba. Bati halivuji, linatoa jasho. Pumzi zenu na mvuke wa chai hupanda, hukutana na bati la baridi, hugeuka maji. Mwenye nyumba akikubali, weka dari hata ya chumba kimoja tu, mlale wote humo mpaka Agosti iishe. Kama hakubali, tandika turubai chini ya kenchi likiwa limeinama upande mmoja. Kitanda kisiguse ukuta wa nje. Chini ya godoro weka mikeka na maboksi, baridi nyingi inapandia chini. Mlango ziba kwa kitambaa pale chini, lakini matundu ya hewa juu ya dirisha USIZIBE. Mchana fungua madirisha yote saa tano hadi saa tisa hivi, godoro litoe nje lipigwe jua.

Msafiri_wa_Kusi

Inaisha lini? Inapamba moto Juni na Julai, Agosti bado, Septemba unaanza kuvua sweta mchana. Oktoba utaifurahia Njombe. Mvua huku ni msimu mmoja, inaanza Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, hakuna vuli na masika kama Tanga.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Na huo upepo unaowachapa huko ni kusi, ule ule unaosukuma majahazi kwenu. Unatoka baharini na unyevu wake, ukigonga milima ya mashariki kama Mufindi na Lupembe unakuwa ukungu na manyunyu. Kwa hiyo nguo zako haziwezi kukauka siku za ukungu. Siku ikipambazuka anga jeupe, fua siku hiyo, hata kama ni Jumatano.

Chezeni

Mimi natofautiana na wengi. Mama mzee mrudishe. Mtu wa miaka sabini na kitu usimlazimishe mlima kwa ajili ya kazi ya mwanawe.

BiMkubwa_Makambako

Chezeni, sikupingi, lakini huko Tanga atakaa na nani? Hilo ndilo la kuuliza kwanza.

MamaWatatu (baada ya siku kumi na mbili)

Ndugu zangu, nimerudi. Usiku ule ule nilitoa jiko. Mkubwa tulimpeleka, daktari aliuliza maswali mengi juu ya mkaa, sasa hajambo. Nikikumbuka zile usiku nyingine zote tulizofunga madirisha natetemeka, na si kwa baridi. Mdogo alipimwa malaria, hana.

Tumehamia chumba kimoja, turubai limewekwa. Bi Mkubwa, nilimuuliza mama kama ulivyosema. Kumbe magoti siyo yote. Alisema, "Hapa siku nzima sijasikia mtu akinipigia hodi." Mume wangu amemtafutia akina mama wa msikitini wanaokutana Alhamisi. Amekwenda mara mbili. Tumekubaliana akae hadi Septemba, kisha aamue mwenyewe, na kwa dada yake Chumbageni, kule Tanga, nafasi ipo.

Vitumbua vimeumuka jana. Si kama vya nyumbani, lakini vina matundu. Nimeuza thelathini na mbili.

Swali moja limebaki: mizula ya watu wazima inapatikana soko gani? Ya mitumba niliyopata ni ya watoto tu, na mama anavaa ya mjukuu wake.

Mwanakibena

Nenda soko kuu asubuhi wanapofungua marobota mapya. Uliza ya kusuka ya sufu, wako akina mama wanasuka wenyewe. Mwambie mama achague rangi.