Kocha kamkataza mwanangu chenga: anamjenga au anaua kipaji?

Baba Winga:
Wakuu, habari za wakati huu. Nina kijana wangu wa miaka 11, anacheza winga ya kushoto. Mpira hakufundishwa na mtu. Tangu ajue kutembea alikuwa akikimbiza chochote kinachobiringika, na wenzake wa rika lake akiwapiga chenga wanabaki wamekaa chini. Tukamwandikisha kwenye timu ya watoto yenye kocha mwenye cheti, tukijua sasa mambo yatanyooka.

Msimu huu kocha kaleta sheria ya miguso miwili: pokea, toa. Ukigusa mara ya tatu, filimbi. Matokeo yake mtoto siku hizi mpira ukimfikia anautoa haraka, hata kama mbele yake yuko beki mmoja tu na nyuma ya huyo beki ni uwanja mtupu.

Mdogo wangu, ambaye aliwahi kucheza kidogo, anasema nimtoe kesho, kipaji hakifundishwi, kinaharibiwa tu. Mama yake anasema tumwache kocha afanye kazi yake. Mimi nipo katikati. Nawasilisha.

Namba Kumi Halisi:
Mtoe, tena leo. Ronaldinho wa Brazil nani alimwekea miguso miwili? Wale Wabrazili wamekulia kwenye futsal, soka la ukumbini la watano kwa watano, mpira mdogo, mzito, haudundi, eneo finyu. Ukikabwa huna pa kukimbilia, lazima umpite mtu. Hawa makocha wa vyeti wanatuletea watoto wanaocheza sawasawa wote, pasi pembeni, pasi nyuma, halafu tunaambiwa timu inamiliki mpira.

Beki Tatu:
Mkuu Namba Kumi, futsal nayo ina makocha, na mbinu zake si za mchezo. Hao watoto hawakujilea wenyewe.

Na vipaji vitupu tumeviona. Freddy Adu alianza kuichezea D.C. United mwaka 2004 akiwa na miaka 14, Marekani nzima inamwita Pelé mpya. Baada ya hapo akazunguka klabu hii na ile, nchi hii na ile, na yule mchezaji aliyetangazwa hakuonekana. Mguu alikuwa nao, hakuna anayebisha.

Namba Kumi Halisi:
Adu aliharibiwa na matangazo. Usimsingizie chenga.

Mwalimu wa Vijana:
Nafundisha watoto wa umri huo, kwa hiyo niruhusuni niulize kabla ya kuhukumu. Baba Winga, hiyo miguso miwili ni zoezi tu, au ni sheria hadi kwenye mechi? Ni kwa watoto wote au kwa mwanao peke yake?

Ikiwa ni zoezi, kocha huenda anafundisha macho kupitia pasi. Mtoto akijua hana muda, analazimika kugeuza shingo na kuangalia kabla mpira haujafika. Mtazame Xavi, kiungo wa Barcelona wa enzi zile, kichwa hakitulii hata mpira ukiwa mbali naye. Winga mwenye chenga akiongezewa tabia hiyo anakuwa balaa, maana anaanza kumpita beki kabla hajaugusa mpira.

Ila ikiwa ni sheria ya kila siku, kila eneo la uwanja, kwa mtoto wa miaka 11, huyo kocha anatafuta ushindi wa wikiendi. Anayepiga chenga anapoteza mipira mingi, timu inafungwa, wazazi wananuna. Ni rahisi kumwambia atoe. Lakini umri huu ndio wa kupoteza mipira, akifika 17 hatapata tena ruhusa hiyo.

Mfano ninaopenda ni Ubelgiji. Euro 2000 waliandaa wao pamoja na Uholanzi na wakatolewa hatua ya makundi. Shirikisho lao likarudi kuangalia mpira wa watoto, likakuta wadogo wanagusa mpira mara chache mno katika mechi. Wakaleta mechi za wawili kwa wawili, watano kwa watano, wanane kwa wanane kufuatana na umri. Wadogo kabisa wakafutiwa msimamo wa ligi. Kukokota mpira kukawekwa mwanzo, pasi ndefu zikasubiri. Mwaka 2018 wakashika nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Sisemi ni mpango huo peke yake, kizazi cha akina Hazard na De Bruyne ni bahati pia. Lakini walioamua watoto waachwe wapige chenga walikuwa makocha, kwa makusudi, na mpango umeandikwa.

Mama Pacha:
Samahani naingilia. Huyo mtoto kazaliwa mwezi gani?

Baba Winga:
Novemba, dada. Kwa nini?

Mama Pacha:
Kama umri wao unahesabiwa kuanzia Januari, basi anacheza na watoto waliomtangulia hadi miezi kumi. Kwa umri huo hiyo ni mifupa na mapafu mengine kabisa. Akademi nyingi za Ulaya zimejaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili, wa mwishoni ni wachache, na sidhani kama Mungu anagawa vipaji kwa kufuata kalenda. Kocha anaona nguvu, anaiita kipaji. Hapo hatujagusa vijeba wanaoandikiwa miaka ya kubuni. (Mapacha wangu wamezaliwa siku moja na mmoja anamzidi mwenzake kichwa kizima, kwa hiyo hata mwezi hausemi yote.)

Mtoto mwenye umbo dogo hawezi kumsukuma mtu wala kumshinda mbio. Chenga ndiyo iliyomweka uwanjani. Ukimnyima, mwisho wa msimu kocha atakwambia "mwanao hana mwili". Griezmann alikataliwa na klabu za kwao Ufaransa kwa sababu ya umbo, hadi Real Sociedad ya Hispania ikamchukua. Ulizia jinsi kocha anavyowatazama wadogo wa umbo kwa ujumla.

Baba Winga:
Nawajibu wote. Zoezi la miguso miwili linachukua kama nusu ya mazoezi, na ni kwa watoto wote. Nimemuuliza kijana, anasema kwenye mechi hakuna sheria, ila kocha anapaza sauti "toa! toa!" kila mtu akipata mpira. Halafu kuna jambo jingine. Mdogo wangu huwa anasimama upande wa pili wa uwanja, naye anapaza "mpite huyo! mpite!"

Beki Tatu:
Hahaha, kumbe mtoto ana makocha wawili.

Mwalimu wa Vijana:
Sasa nimeelewa. Chenga bado anazo, miguu haisahau ndani ya msimu mmoja. Alichonyang'anywa ni uamuzi. Kocha anaamua atoe, baba mdogo anaamua ampite, mtoto anachagua njia ya kutogombezwa, na kocha ndiye mwenye kumpanga au kumweka benchi. Mimi pia ningetoa.

Na uamuzi ndio kipaji chenyewe cha winga. Kurusha mguu juu ya mpira utamfundisha hata mtoto mzito akaelewa. Kujua sasa nimpite, sasa nimpe mwenzangu, tena kabla beki hajajua, hilo linakua kwa kumweka mtoto kwenye hali hiyo mara nyingi sana, akosee, kisha umuulize, "Uliona nini?" Wengi tunauliza, "Ulitakiwa kufanya nini?" na mtoto anajibu tunachotaka kusikia.

Messi alifika Barcelona na miaka 13, chenga kazitoa kwao Rosario, Argentina, na pamoja na pasi zote za La Masia, akademi ya Barcelona, hakuna aliyemkataza. Kisha Mei 2009, ugenini kwa Real Madrid, kocha wake Guardiola akamtoa winga ya kulia na kumweka katikati ya ushambuliaji, mechi ikaisha 6-2. Chenga zilikuwa zilezile. Kocha alimtafutia mahali ambapo mabeki hawakujua nani amfuate.

Namba Kumi Halisi:
Hilo la Messi nakupa. Ila kocha wa "toa" mechi nzima bado simwamini. Ningemtafutia mtoto mahali pa kucheza bila mtu mzima yeyote, na waliomzidi umri kidogo. Huko chenga zitarudi zenyewe.

Mwalimu wa Vijana:
Naunga mkono, mradi hao wakubwa wasiwe wa kumvunja. Na angalia mzigo usizidi. Watoto wanaoingia kipindi cha kurefuka haraka hupata maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti. Akilalamika apumzike, asiambiwe avumilie kiume.

Baba Winga:
Nimewasoma wakuu. Simtoi kwanza, nitaongea na kocha. Nimuulizeje asione namfundisha kazi?

Mwalimu wa Vijana:
Usiende siku ya mechi, na usianze na "kwa nini umemkataza". Muulize, "Mwalimu, ungependa ampite beki akiwa eneo gani?" Anayejua kazi yake atakuonyesha kwa kidole: kule mbele, pembeni, akibaki na beki mmoja. Muombe amwambie mtoto maneno hayohayo wewe ukiwepo. Akikujibu kwamba hakuna eneo kama hilo, tafuta timu nyingine, wala usingoje msimu uishe.

Mama Pacha:
Na baba mdogo akija uwanjani aje na maji mdomoni, asiyameze mpaka filimbi ya mwisho.

Baba Winga:
Dada, huyo ni mgumu kuliko kocha.