Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kutembeza wageni katika nyumba ya kihistoria?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba sisi tuliofanya mafunzo kwa vitendo katika majumba ya kale ya Unguja na Pemba tuelezane yaliyotukuta mbele ya wageni, kwa kuwa wapo vijana wanaokaribia kupelekwa huko na madaftari yao yamejaa tarehe tupu. Naanza mimi.

Nilikuwa Beit al-Sahel, kasri la masultani lililo Mji Mkongwe, Unguja, kabla ya sehemu ya jirani yake, Beit al-Ajaib, kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilipolifikisha kundi langu la kwanza katika chumba cha Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, niliwaambia kwa uhakika kwamba hapo ndipo alipokuwa akilala kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunikatiza. Wageni walipokwenda zao alinipeleka dirishani, akanionyesha bahari, akaniuliza manowari za Waingereza zilipiga mizinga lini. Nikamjibu: tarehe 27 Agosti 1896. "Basi mwanangu, kama kasri la zamani lilibomolewa siku ile, Bibi Salme alilalaje katika hili lililojengwa baadaye?" Tarehe zote mbili nilikuwa nazo kichwani, ila sikuwahi kuzikutanisha.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni neno suria, yaani mwanamke mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Kwa kuona haya mbele ya watu wazima, nilikuwa nikisema "mke mwingine wa Sayyid Said", mpaka mzee akanieleza kwamba mama yake Salme alitekwa angali mtoto huko Kaukasia, na kwamba nikimwita mke tu nitakuwa nimeyafuta yaliyompata. Tangu hapo nililitaja neno lenyewe na kulifafanua, kisha nikawataja watumwa ambao jasho lao ndilo lililoendesha kasri na mashamba ya karafuu.

Mchangiaji kutoka Wete:

Waalaykum salaam. Mimi nilijifunzia katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Mgeni aliponiuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba, nilimjibu kwamba wenyewe walipenda hivyo. Fundi aliyekuwa akitengeneza dari alinisikia, akashuka, akanionyesha boriti: ni mti wa mkoko, nao hautoi gogo refu lililonyooka, kwa hiyo upana wa chumba hufuata urefu wa mti. Toka siku ile nilianza ziara kwa kuwaomba wageni watazame juu.

Siku nyingine bibi mmoja wa hapa hapa, aliyekuja na wajukuu zake, aliingiza mkono katika kidaka ukutani na kuwaambia kwamba nyumbani kwao bakuli za kauri na chetezo vilikaa mahali kama hapo. Nilinyamaza nikamwachia chumba kizima. Ndugu mwanzisha mada, wewe 1964 uliielezaje?

Mwanzisha mada:

Kwa uangalifu mkubwa, ndugu yangu. Nilieleza kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 12 Sultani Jamshid aliondoka na kasri likawa mali ya umma, kisha nikasimama kimya kidogo, kwani katika kundi moja huweza kuwamo mjukuu wa aliyefukuzwa na mjukuu wa aliyepewa ekari tatu za shamba. Mara nyingi mmoja wao ndiye aliyeanza kuzungumza, nami nilingoja amalize ndipo tukapanda ngazi.