Naomba ushauri: uzamili wa haki za binadamu, Pretoria au Uingereza?

Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini, nina shahada ya sheria na ninajitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Wengi tunaowahudumia ni wajane wa Muheza na Pangani wanaonyang'anywa mashamba na ndugu wa marehemu. Kazi hii naipenda mno, ndiyo maana nataka kubobea. Ila ada siiwezi, bila ufadhili siendi popote.

Nimebakiza njia mbili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja kule. Inataka saa 2,800 za kazi (kujitolea kunahesabika, nashukuru), na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Hilo halinisumbui, kurudi nitarudi tu. Nyingine ni Chuo Kikuu cha Pretoria: muhula wa kwanza mnasoma pale, wa pili mnagawanywa vyuo vingine. Moyo wangu uko huku, maana Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Mahakama ya Afrika ya haki hizo iliyopo Arusha, ndivyo nitakavyovitumia kazini.

Mliopita huko, mngechagua ipi? Na barua ya mdhamini niombe kwa mhadhiri aliyenifundisha, au wakili ninayefanya naye kazi sasa?