Sanamu za watumwa ndani ya jumba la Dyrham: ziachwe au ziondolewe?

Wadau, naleta hili mezani. Karibu na mji wa Bath, Uingereza, kuna jumba linaitwa Dyrham Park. Alilijenga William Blathwayt kati ya 1692 na 1704, na leo linatunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi majumba ya kale. Ndani yake kuna sanamu mbili za mbao: wanaume Weusi wamepiga magoti, minyororo miguuni, kila mmoja kainua gamba kubwa la kombe. Yaani ni stendi za kuwekea vitu!

Mimi nasema ziachwe, na kibao cha maelezo kiwepo. Blathwayt alikuwa mtu wa makaratasi. Tangu 1680 ndiye aliyekagua mapato ya mfalme kutoka makoloni ya Marekani na Karibi, kwa hiyo sukari na tumbaku ya jasho la watumwa ilipita kwenye daftari zake. Hata mbao za walnati (mti wa mbao ngumu) za ngazi za jumba zilitoka huko Marekani. Ukiziondoa sanamu, mgeni atasifia ngazi, atakunywa chai, ataondoka.

—

Mkuu, hapo umeniacha. Mwanangu akiingia humo anakuta mtu wa rangi yake kageuzwa meza. Kibao cha maelezo nani anakisoma? Zipelekwe makumbusho, zisimuliwe huko kwa kirefu.

—

Nyote mmeng'ang'ania chumba kimoja, na nje je? Lile pori lote linalozunguka jumba lilikuwa la kulungu (si kulungu wetu; hawa dume lao lina pembe bapa kama kiganja). Nyama yake zamani ilikuwa ya wakubwa, mtu wa kawaida akiwinda humo ni kesi. Mwaka 2021 kundi zima liliuawa kwa sababu ya kifua kikuu cha ng'ombe. Anayepiga picha pale nyasini hana habari kwamba na uwanda wenyewe ni sehemu ya hiyo historia ya wakubwa.

—

Mdau wa kulungu, hapo nakupa haki yako, sikuwaza nje kabisa. Ila wewe wa makumbusho, kumbuka Septemba 2020 National Trust ilitoa ripoti ikitaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Baadhi ya wabunge wakaja juu, malalamiko yakafika kwa msimamizi wa mashirika ya hisani, naye mwaka 2021 akasema taasisi haikukosea. Kama kuandika tu kulizua yote hayo, sanamu zikishatoka, hicho kibao nacho kitadumu siku ngapi ukutani?