Watoto wa Beaumont, Adelaide 1966: uchimbaji wa kiwandani umethibitisha nini hasa?

Mfuatiliaji

Wakuu, salaam. Nawaomba wanaoifahamu kesi hii kwa undani wanisaidie.

Kwa wasioijua: Jumatano, tarehe 26 Januari 1966, sikukuu ya Australia Day, watoto watatu wa familia moja, Jane (9), Arnna (7) na Grant (4), walipanda basi asubuhi kutoka Somerton Park kwenda ufukwe wa Glenelg, safari ya kama dakika 5. Mama yao aliwatarajia warudi na basi la saa 6 mchana. Hawakurudi na hilo, wala na la saa 8. Hawajaonekana hadi leo.

Kiwanja cha kiwanda cha zamani cha Castalloy, North Plympton, kimechimbwa 2013, 2018 na tena 2025, na mara zote hakuna mabaki ya watoto yaliyopatikana. Nina maswali matatu. Ushahidi upi wa siku ile unafaa kuwa nguzo? Kushindwa kwa uchimbaji ni kosa la vifaa au la taarifa iliyowapeleka pale? Na mama alifariki 2019, baba akafariki 2023: mifupa ikipatikana leo, bado inaweza kutambuliwa?

---

Kumbukumbu_Kale

Mkuu, nianze na swali la kwanza, kwa sababu hayo mengine yanalitegemea.

Ushahidi wa kesi hii uko wa aina mbili, na mijadala mingi inauchanganya. Upo uliotolewa ndani ya siku chache baada ya tukio, na upo uliotolewa miaka 10, 30 au 40 baadaye. Ukiandika orodha yako, weka tarehe mbili mbele ya kila dai: siku jambo linapodaiwa kutokea, na siku liliposemwa kwa mara ya kwanza. Utashangaa ni mangapi yanabaki kwenye kundi la awali.

Katika hilo kundi la awali, haya ndiyo yenye uzito:

Watu kadhaa waliwaona watoto wakicheza na mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya kimanjano au kahawia hafifu, aliyeungua jua, wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa nguo ya kuogelea. Alimwendea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu akamuuliza kama ameona mtu yeyote akigusa vitu vyao, kwa maana pesa zao zimepotea. Baadaye alionekana akiwasaidia watoto kuvaa nguo. Hilo liliwashtua wazazi, kwani Jane alikuwa mtoto mwenye haya. Mnamo saa 6 na robo mchana wakaonekana wakiondoka naye.

Halafu kuna noti. Mama aliwapa watoto sarafu tu, za nauli na chakula. Kwenye duka la mikate la Wenzel, Jane alinunua vitafunio na pai ya nyama, akalipa kwa noti ya pauni 1. Muuzaji aliwafahamu watoto hao, na alisema hawakuwahi kununua pai ya nyama kabla ya siku ile. Kwangu mimi hii ndiyo nguzo. Haitegemei mtu kukumbuka sura wala saa: noti ilitoka kwa mtu mwingine, na pai huenda ilikuwa ya mtu mwingine. Pia inaleta wazo kwamba madai ya pesa kupotea yalikuwa njia ya kuwafanya watoto wakose nauli na wamtegemee yeye. Hayo ni makisio, lakini yanakaa vizuri juu ya mambo mawili yasiyopingwa.

Kufuatilia noti yenyewe ilikuwa ndoto. Tarehe 14 Februari 1966, hata wiki tatu hazijaisha, Australia ilibadili fedha kutoka pauni kwenda dola, na noti za zamani zikaanza kurudishwa benki kwa wingi.

Ushahidi unaosumbua ni wa mtu wa posta. Aliwafahamu watoto, na alisema aliwakuta Jetty Road, barabara ya Glenelg, wameshikana mikono na wanacheka, mnamo saa 9 alasiri. Baadaye akasema huenda ilikuwa asubuhi. Tofauti hii si ndogo. Ikiwa ni saa 9, basi walikuwa huru, peke yao, karibu saa tatu baada ya kuondoka na yule mtu, na mabasi mawili yalikwisha kuwapita. Ikiwa ni asubuhi, habari yao inakatika saa 6 na robo. Mtu akikuletea nadharia yoyote, muulize kwanza anachukua saa ipi. Wengi hutumia saa 9 pale inapowafaa na kuitupa inapowabana.

Jambo jingine: walikuwa na vitu 17, kuanzia nguo, taulo hadi mifuko. Hata kimoja hakijapatikana. Bahari humrudisha mtu, au angalau taulo. Ndiyo maana nadharia ya kuzama haikudumu, ingawa polisi waliichunguza, na hata bandari ndogo ya Patawalonga ilikaushwa maji siku chache baadaye ili ipekuliwe chini.

---

Tabaka_la_Udongo

Naomba nichukue swali la pili.

Kwanza asili ya taarifa. Ndugu wawili walisema kwamba walipokuwa vijana waliajiriwa siku chache baada ya tukio kuchimba shimo kubwa katika kiwanja hicho. Aliyekuwa mwenye kiwanda alikwisha kufariki na hakuwahi kushtakiwa, kwa hiyo mwenye kumjadili ajue anajadili mtu asiyeweza kujitetea. Taarifa hii ilifika hadharani zaidi ya miaka 40 baadaye. Haina maana ni ya uongo. Ila kumbukumbu ya "tulichimba shimo" hudumu kuliko kumbukumbu ya "tulichimba hapa".

Sasa fanya hesabu. Shimo la mita 2 kwa 1 lina eneo la mita 2 za mraba. Shahidi akikosea mita 10 tu kwa kila upande, eneo la kutafuta ni duara la zaidi ya mita 300 za mraba. Mwaka 2013 polisi walichimba sehemu ndogo sana. Matokeo yale hayakuweza kuthibitisha wala kukanusha chochote kuhusu kiwanja kizima, na ilikuwa makosa kwa watu kuyasoma kama jibu.

Kabla ya kuchimba, njia sahihi ni kutafuta picha za angani za miaka ile, kuzilaza juu ya ramani ya sasa kwa kutumia alama zisizohama (reli, kona ya barabara, ukuta wa zamani), kisha kumpeleka kila shahidi peke yake, bila mwenzake kusikia, aonyeshe mahali. Mashahidi wawili wakionyesha pamoja, una shahidi mmoja tu.

Kuhusu vifaa: rada ya kupenya ardhini hutuma mawimbi na kusubiri yanayorudi. Inafanya kazi vizuri kwenye mchanga mkavu. Kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu na chumvi, mawimbi humezwa kabla hayajafika mita 1. Juu ya hapo, kiwanja cha kiwanda kimejaa vifusi, mabomba, vyuma na misingi ya zamani, na kila kimoja hurudisha mwangwi. Rada haionyeshi mifupa. Inaonyesha mahali ambapo udongo umebadilika, basi.

Mwaka 2018 wanasayansi walitumia kipimo cha ukinzani wa umeme. Hapo unapanga vijiti vya chuma kwa mstari, kwa kawaida nusu mita hadi mita 1 kati ya kimoja na kingine, unapitisha mkondo na kupima jinsi udongo unavyoupinga. Kina unachokiona ni kama sehemu moja ya tano ya urefu wa mstari: ukitaka kuona mita 3, mstari uwe kama mita 15. Udongo uliowahi kuchimbwa na kurudishwa hushika maji tofauti na ule ambao haukuguswa, kwa hiyo huonekana. Walipata doa lenye dalili ya udongo uliovurugwa, polisi wakachimba Februari 2018, wakakuta mifupa ya wanyama na takataka.

Yaani kipimo kilisema kweli. Palikuwa pamechimbwa. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya shimo na watoto, na hakuna kifaa kinachoweza kukupa huo.

---

Mfuatiliaji

Nimekupata mkuu. Na ule wa 2025? Kuna wanaosema safari hii eneo lilichimbwa vya kutosha.

---

Tabaka_la_Udongo

Ule wa Februari 2025 ulikuwa wa binafsi, haukuendeshwa na polisi, na ulifanyika kwa kuwa kiwanja kilikuwa kinaelekea kujengwa upya. Ulichukua takriban wiki nzima na eneo lilikuwa pana zaidi. Kwa hiyo unapunguza uwezekano kwa kiasi kikubwa kuliko ule wa 2013.

Ila ukisoma ripoti ya uchimbaji wowote wa aina hii, usiishie kwenye "hakikupatikana kitu". Uliza waliondoa udongo kwa tabaka za unene gani. Ndoo ya mashine iwe na ukingo laini usio na meno, ikwangue sentimita 5 hadi 10 kwa wakati mmoja, na mtu asimame mbele akitazama rangi ya udongo ikibadilika. Shimo lililofukiwa huonekana kama doa lenye kingo zilizonyooka. Ukishalivuka kwa ndoo yenye meno, doa limekwisha. Kisha uliza kama udongo ulichekechwa, na kwa wavu wa tundu kiasi gani. Jino la utotoni la mtoto wa miaka 4 halifiki sentimita 1 upana. Wavu wa milimita 10 unalipitisha. Unahitaji milimita 5 au pungufu. Mifupa ya mtoto ina madini machache kuliko ya mtu mzima, kwenye udongo wenye asidi huisha mapema, lakini taji la jino hubaki. Vifungo na ncha za chuma za kamba za viatu hubaki pia. Timu isiyochekecha inaweza kupita juu ya kila kilichosalia na kuandika kwa unyofu kabisa kwamba hawakuona kitu.

Na hii si mara ya kwanza watu kuchimba kwa imani. Novemba 1966 aliletwa Gerard Croiset kutoka Uholanzi, mtu aliyedai kuona yaliyofichika, akaelekeza kwenye ghala karibu na nyumbani kwa watoto. Umma ulichanga dola 40,000, sakafu ikavunjwa, hakikupatikana kitu. Mwaka 1996 jengo hilo lilipobomolewa kwa sehemu pakapekuliwa upya, na bado hapakuwa na kitu. Wazazi wale walibebeshwa matumaini ya watu wengine kwa miaka thelathini kwa ajili ya ghala moja.

---

Vinasaba

Swali la tatu: ndiyo, utambuzi unawezekana hata wazazi wakiwa hawapo.

Sampuli bora ni jino, au ile sehemu ngumu ya mfupa wa fuvu inayozunguka sikio la ndani, ambayo hutunza DNA kuliko mifupa mingine. DNA ya mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazotengeneza nishati, nje ya kiini) hurithiwa kwa mama pekee, na iko kwa nakala nyingi katika kila seli, kwa hiyo hudumu hata pale DNA ya kiini imekatika vipande vifupi. Ndugu yeyote wa mama kwa upande wa kike anatosha kulinganisha: dada, kaka, au watoto wa dada.

Kasoro yake ni kwamba watoto wote watatu wangekuwa na DNA ya mitokondria ile ile. Ingesema "huyu ni wa ukoo huu wa mama", isingesema ni Jane au Arnna. Hapo meno ndiyo huamua. Grant, miaka 4, angekuwa na meno yote 20 ya utotoni, na taji za magego ya kwanza ya kudumu zikiwa bado ndani ya taya. Wa miaka 7 huwa magego hayo yametoka na meno ya mbele ya kati yanabadilika. Wa miaka 9 huwa na meno manane ya mbele ya kudumu. Mtaalamu wa meno huwatenganisha kwa picha ya eksirei tu.

Mwaka 2020 Polisi wa Shirikisho wa Australia waliweka mpango wa kitaifa wa DNA kwa mabaki yasiyotambuliwa na watu waliopotea. Ulizaliwa kwa sababu kuna mifupa inayokaa kwenye maabara ya jimbo moja wakati ndugu wanatafuta jimbo jingine. Mabaki ya watoto hawa, kama yapo, si lazima yawe Adelaide.

---

Kumbukumbu_Kale

Naongeza mawili.

La barua. Mwaka 1968 wazazi walipokea barua kutoka Dandenong, jimbo la Victoria, zilizoandikwa kana kwamba zimetoka kwa Jane na kwa mtu anayewalea. Wakaelekezwa mahali pa kukutana, wakasafiri, hakutokea mtu. Ni mwaka 1992 alama za vidole zilipoonyesha mwandishi alikuwa mwanamume ambaye wakati ule alikuwa kijana tu, akifanya mzaha. Hakushtakiwa kwa sababu ya muda uliopita. Miaka 24 barua hizo zilihesabiwa kuwa huenda ni za kweli, na kuna nadharia bado zinazunguka zilizojengwa juu yake. Ukikutana na dai kwamba watoto walilelewa na mtu, angalia kama mzizi wake ni barua hizo.

La pili ni Adelaide Oval. Tarehe 25 Agosti 1973 Joanne Ratcliffe (11) na Kirste Gordon (4) walitoweka katika uwanja huo wakati wa mechi, nao hawajapatikana. Watu hulinganisha michoro ya washukiwa wa kesi hizi mbili na kusema ni mtu mmoja. Mchoro ni kumbukumbu ya shahidi iliyopita mkononi mwa mchoraji. Sura mbili za wanaume wembamba zitafanana. Kama unataka kulinganisha, linganisha tabia: kuchukua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, mchana, mbele ya halaiki. Hilo ni jambo adimu kweli, na linastahili mjadala zaidi kuliko pua na nywele.

---

Mfuatiliaji

Shukrani sana wakuu. La mwisho: mtu akiwa na taarifa ya zamani aliyosikia kwa mzee wa familia, afanye nini nayo?

---

Kumbukumbu_Kale

Aiandike kabla hajasoma chochote zaidi kuhusu kesi, wala kutazama michoro. Aandike nani alisema, mwaka gani, mbele ya nani, kwa maneno gani, na atenganishe alichosikia na anachodhani. Asiibandike mtandaoni kwanza, kwa kuwa ikishasambaa, shahidi wa pili anayekuja na maelezo yale yale hana thamani tena. Noti ya pauni 1 na pai ya nyama zimetangazwa kwa miaka mingi, kwa hiyo kuzitaja hakuthibitishi chochote. Chenye thamani ni kile ambacho hakijawahi kuchapishwa. Kisha aipeleke kwa polisi wa Australia Kusini kupitia Crime Stoppers, huduma ya kupokea taarifa za uhalifu kutoka kwa raia. Faili haijafungwa, na zawadi ya dola milioni 1 za Australia ilitangazwa kwa taarifa itakayofumbua kesi hii.