Kuta za paneli za zege au za matofali?

Muulizaji: Wataalamu, kwa nyumba isiyo na ghorofa, kuta za paneli za zege zilizotengenezwa kiwandani zina faida gani kuliko kuta za matofali ya saruji?

Mchangiaji wa kwanza: Faida kubwa ni kasi, lakini mita 1 ya mraba ya paneli yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi, kwa hiyo bila kreni, na njia ya kuifikisha kiwanjani, hakuna kazi.

Mchangiaji wa pili: Mimi ningechunguza maungio kati ya paneli kwanza, maana hapo ndipo maji hupenya kijazio (kinachoziba nafasi hizo) kinapochakaa. Aidha, tundu la dirisha lililosahauliwa kwenye paneli ni taabu tupu, ilhali fundi wa matofali hulirekebisha papo hapo.

Muulizaji: Na tetemeko?

Mchangiaji wa pili: Matofali yasiyo na nondo huporomoka upesi, paneli nazo hutegemea uimara wa viungio vyake.