Askari wa zamani wa Israel wakipeleka ushuhuda Ulaya: kosa liko wapi hasa?

Mtoa mada

Wakuu, kuna lawama inayorudi kila mara dhidi ya Breaking the Silence, shirika linalokusanya na kutangaza ushuhuda wa askari juu ya kazi yao katika maeneo ya Wapalestina, lililoanzishwa mwaka 2004 na askari wa Israel waliokuwa wametumikia Hebron, mji wa Ukingo wa Magharibi unaokaliwa na Israel. Lawama yenyewe: kama mna la kusema juu ya jeshi, lisemeni nyumbani, kwa Kiebrania, mbele ya wapiga kura. Kulipeleka Zurich, Berlin au New York ni kuwachongea wenzenu kwa watu wasiojua hata kizuizi cha barabarani kinaendeshwaje. Desemba 2015 mambo yalichacha. Rais Reuven Rivlin alisakamwa kwa kuhutubia mkutano wa gazeti la Haaretz mjini New York kwa kuwa shirika hilo nalo lilialikwa. Mwezi huohuo Waziri wa Ulinzi Moshe Ya'alon akalipiga marufuku kwenye shughuli za jeshi, na Naftali Bennett wa Elimu akalifungia shule.

Kwa hiyo wanaambiwa wasemee nyumbani, huku kambi na shule, ambako ndiko nyumbani kwenyewe, wamefungiwa. Julai 2018 Bunge likapitisha sheria inayompa Waziri wa Elimu uwezo wa kuzuia asasi zinazotafuta hatua za kisheria au za kisiasa nje ya nchi dhidi ya askari au dola. Lawama ya kusemea nje siikubali. Ninayoikubali ni nyingine, na wakosoaji wao hawaishiki sawasawa: ushuhuda unatayarishwa kwa namna ambayo msikilizaji wa mbali hana pa kuuthibitishia.

Utaratibu wao uko hivi. Anayehoji mara nyingi ni askari wa zamani, anayejua lugha ya kikosi. Mahojiano yanarekodiwa na kuandikwa. Maelezo yanalinganishwa na ya waliokuwa kikosi kimoja au eneo moja. Kisha yanaondolewa yote yanayoweza kumtambulisha msemaji, na kazi inapelekwa kwa mdhibiti wa habari wa jeshi kabla ya kutoka. Chukueni kitabu chao cha 2015 juu ya vita vya Gaza vya 2014: shuhuda 111 kutoka kwa askari na maofisa zaidi ya 60. Juu ya ushuhuda unakuta cheo, aina ya kikosi na eneo, kwa mfano sajini, askari wa miguu wa magari ya deraya, Deir al-Balah. Batalioni haitajwi, tarehe haitajwi, nyumba iliyopigwa haina anwani. Deir al-Balah ni mkoa mzima wa katikati ya Gaza, na vita vile vilidumu siku 50. Msomaji wa Köln ataanzia wapi?

Wakili wa Kilindini

Ndugu mtoa mada, umeanza vizuri ila umekuwa mpole. Shitaka lisilo na tarehe wala mahali haliwezi kujibiwa, na aliyeshitakiwa hapo ni jeshi zima. Julai 2016 kipindi cha uchunguzi cha HaMakor, cha televisheni ya Israel, kilichukua shuhuda kumi na kuzifuatilia moja moja. Mbili zilithibitika, mbili zilikuwa za uongo, mbili zilitiwa chumvi, nne hazikuweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Hizo nne ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko zile mbili za uongo. Uongo unafutwa. Kisichothibitika kinabaki ukutani kwenye maonyesho yao, kinasafiri kutoka ukumbi hadi ukumbi, na kila kinapofika kinaonekana kimepata uzito zaidi.

Halafu kuna mazingira. Askari akieleza ukali wa doria za Hebron miaka ya 2002 hadi 2004, raia wa Zurich aambiwe pia kwamba Novemba 2002 watu 12 wa vyombo vya usalama vya Israel waliuawa kwa shambulio la kuvizia mjini humohumo. Na aambiwe kwamba mwaka 1994 mlowezi Baruch Goldstein aliua waumini 29 msikitini, na kwamba tangu Itifaki ya 1997 mji umegawanywa H1, iliyo chini ya Mamlaka ya Palestina, na H2, iliyo chini ya jeshi la Israel. Mwisraeli hahitaji kuelezwa hayo, msikilizaji wa nje anayahitaji. Ushuhuda uleule ukivuka mpaka unapaswa kusindikizwa na maelezo zaidi.

Hesabu Safi

Wakili, hoja ya mazingira nakuunga mkono. Ila kabla hatujawatuma watu "nyumbani", tutazame njia ya nyumbani inazaa nini, maana takwimu zipo.

B'Tselem, shirika jingine la Israel lililoanzishwa 1989, lilikuwa likipeleka malalamiko kwenye mfumo wa jeshi wenyewe. Lalamiko linakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Jeshi, naye anaamua kama kitengo cha upelelezi cha polisi wa jeshi kifungue jalada. Mei 2016 B'Tselem ilitangaza kuachana na njia hiyo na ikatoa hesabu yake. Tangu mwaka 2000 ilikuwa imepeleka malalamiko 739. Yasiyochunguzwa kabisa: 182. Yaliyochunguzwa yakafungwa bila hatua: 343. Yaliyofika kwenye mashtaka: 25. Ya nidhamu tu: 13. Yaliyokuwa bado yanasubiri: 132. Na 44 ambayo mamlaka hazikuweza hata kuyapata kwenye kumbukumbu zao. Jumlisheni wenyewe, inafika 739. Mashtaka ni kama asilimia 3.4.

Kinachokwamisha kinajulikana. Upelelezi unategemea maelezo ya mdomo ya askari na ya mlalamikaji, wapelelezi hawafiki eneo la tukio mapema, na muda ukipita ushahidi wa vitu unapotea. Askari akishamaliza utumishi, baada ya kipindi kilichowekwa kisheria anatoka kabisa kwenye mamlaka ya mahakama za jeshi. Jalada likichelewa vya kutosha linajifunga lenyewe.

Kwa hiyo anayesema "malizeni nyumbani" aeleze kwanza ni ofisi gani ya nyumbani, na inachukua muda gani.

Wakili wa Kilindini

Takwimu hizo zinawafaa B'Tselem, mkuu, na wala sizipingi. Lakini angalia tofauti ya kazi zao. Mwaka 2007 B'Tselem walianza kugawa kamera kwa Wapalestina. Machi 24, 2016, Hebron, mtu wao wa kujitolea alirekodi: Abdel Fattah al-Sharif, aliyekuwa ameshambulia askari kwa kisu, amelala chini amejeruhiwa, hana uwezo wa kumdhuru mtu. Watu wanapita, gari la wagonjwa lipo. Sajini Elor Azaria anakoki bunduki na kumpiga risasi ya kichwa. Mtaa unajulikana, saa inajulikana, sura zinaonekana. Januari 2017 mahakama ya jeshi ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Akafungwa miezi 18, ikapunguzwa hadi 14, akatoka Mei 2018 baada ya kama miezi tisa.

Adhabu ndogo, nakubali, na jeshi linasema lilikuwa limeshaanza kulishughulikia kabla ya video kutoka. Hata hivyo mshitakiwa alikuwepo, mwenye jina na wakili. Kwa ushuhuda wa "sajini, Deir al-Balah" hakuna mshitakiwa wala wakili.

Mtoa mada

Hapo umegusa penyewe, ila usisahau kwa nini majina yanafichwa. Anayetoa ushuhuda mara nyingi anakiri kosa lake mwenyewe. Akitajwa, wa kwanza kuhojiwa ni yeye, sajini wa miaka 21, wala si ofisa aliyetoa amri. Mwaka 2016 dola ilikwenda mahakamani kulilazimisha shirika kutaja chanzo cha ushuhuda wa vita vya 2014, nalo likajitetea kwa kinga wanayopewa waandishi wa habari. Litaje mmoja, wa pili hatakuja.

Na alipojitokeza mwenye jina, msemaji wao mwenyewe aliyedai kumpiga Mpalestina Hebron alipokuwa ofisa, ikawaje? Novemba 2017 waendesha mashtaka walitangaza kwamba tukio halikutokea. Baadaye ikaripotiwa kuwa Mpalestina waliyemhoji siye yule aliyehusika. Aliyekiri kosa akaitwa mwongo na dola kwa upelelezi uliomhoji mtu mwingine. Askari wa kawaida akiyaona hayo ataomba jina lake lifichwe, na mimi simlaumu.

Mfuatilia Asasi

Nimesubiri fedha zitajwe. Lawama ya "nje" mara nyingi ni lawama ya fedha iliyovaa nguo nyingine. Maonyesho ya Zurich ya Juni 2015 pale Kulturhaus Helferei yalipata Faranga 15,000 za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uswisi, na serikali ya Israel ikalalamika rasmi. Serikali ya kigeni kulipia ukosoaji wa jeshi la nchi nyingine ni jambo la haki kuhojiwa, sikatai.

Ila tazameni sheria zilivyoandikwa. Tangu 2011 asasi za Israel zinatakiwa kuripoti kila robo mwaka misaada ya serikali za nje, kwa hiyo uwazi ulikuwepo tayari. Julai 11, 2016 Bunge likapitisha nyingine kwa kura 57 dhidi ya 48: asasi inayopata zaidi ya nusu ya fedha zake kutoka serikali za nje itamke hivyo kwenye machapisho yake na barua zake kwa maofisa. Fedha za matajiri na makanisa ya ng'ambo hazikuguswa, na hizo ndizo zinazozibeba asasi nyingi za mrengo wa kulia. Orodha ya Wizara ya Sheria ilikuwa na asasi 27, karibu zote za haki za binadamu na za mrengo wa kushoto. Kipimo kinachokamata upande mmoja tu hakistahili kuitwa uwazi.

Sisi wa huku tunaifahamu njia hiyo. Ethiopia mwaka 2009 iliweka ukomo wa asilimia 10 ya fedha za nje kwa asasi za haki. Kenya ilijaribu asilimia 15, Bunge likaukataa muswada huo Desemba 2013. Februari 2025 Bunge la Israel lilipitisha katika hatua ya awali muswada wa kutoza kodi ya asilimia 80 kwa misaada ya serikali za nje.

Na Afrika imo kwenye kisa chenyewe. Oktoba 2016 Hagai El-Ad wa B'Tselem alipozungumza mbele ya wajumbe wa Baraza la Usalama, Misri, Senegal na Angola zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitisha kikao kile. Nyumbani, kiongozi wa wabunge wa muungano unaotawala, David Bitan, alitaka anyang'anywe uraia. Desemba 23 azimio 2334 dhidi ya makazi ya walowezi likapita kwa kura 14, Marekani ikijizuia. Senegal, iliyokuwa mmoja wa wadhamini, ikaondolewa balozi na Israel na kukatiwa miradi ya misaada hadi walipopatana Juni 2017.

Wakili wa Kilindini

Basi nitoe pendekezo. Kila ushuhuda uwe na faili kamili: jina, batalioni, tarehe, eneo halisi kwenye ramani. Faili likabidhiwe jaji mstaafu. Kabla ya maonyesho kusafiri, jaji athibitishe kwa maandishi kwamba ameliona na kwamba shahidi wa pili yupo. Ukumbi wa Ulaya usiokuwa na barua hiyo usifungue mlango.

Mtoa mada

Wazo zuri, na lina shimo moja. Jaji akiwa Israel, dola itamdai faili mahakamani kama ilivyolidai shirika 2016, na yeye hana kinga ya mwandishi wa habari. Faili likihifadhiwa Geneva, kesho yake shirika linashitakiwa kwa kupeleka siri za jeshi nje.

Wakili wa Kilindini

Waanze na walioridhia wenyewe kutajwa kwa jaji, hata wakiwa kumi tu, na faili zibaki Israel. Nitawasikiliza hao kumi kabla ya wale 60.